Povu Juu ya Kitovu

Watu wamezoea kuniona nikifika kwa marehemu rafiki yangu kule Muleba, mbele ya mlango ulio wazi, nikasimama nje na kubisha hodi kama mchuuzi wa dagaa. Watoto wake hunicheka. Huniita baba, huniambia niingie, nami hubisha tena mpaka mtu mzima atoke anikaribishe. Mjukuu wangu aliniuliza sababu alipokuja likizo, akiwa na daftari lake la kemia magotini. Nilimwambia afungue ukurasa mtupu, aandike kama nitakavyosema, wala asiongeze maneno ya shule isipokuwa pale nitakapompa ruhusa. Mimi sikusoma. Wenzangu walipokuwa wakienda kwa mapadre, nilichunga mbuzi wa baba yangu, na Kiswahili changu nilikipata kanisani, redioni na kwenye mizani ya kahawa ya chama.

Tulikimbia kutoka kijiji chetu cha Kaagya mwaka wa vita, majeshi yalipokwisha kuvuka mpaka na daraja la mto kuvunjwa. Ndege zilipita juu ya migomba, na kila aliyekuwa na miguu alielekea kusini. Mama yangu hakuwa na miguu ya kutosha. Nilimkalisha juu ya baiskeli, mke wangu akaishika upande mmoja na mimi upande wa pili, watoto wakafuata na sufuria. Hatukuwa na tunakokwenda. Karibu na vilima vya Rubya, huko Muleba, mwanamume mmoja alitoka kwenye kibanja chake, yaani shamba lake la migomba na mibuni, akiwa na mkungu begani. Hakutujua wala sisi hatukumjua. Alimtazama mama yangu juu ya baiskeli, akautua mkungu chini, akasema mzee huyo asiupite mlango huu bila kuingia.

Alitupa nyumba iliyokuwa ya marehemu mama yake. Mke wake alitandaza nyasi mpya sakafuni, kama wafanyavyo watu wa kwetu mgeni wa heshima anapokuja. Tulikaa humo miezi yote ya vita, tukila ndizi ambazo sikuzipanda. Yeyote asiye Mhaya hataelewa upesi jambo hili. Kwetu mwanamume hujulikana kwa migomba yake, na anayelishwa kutoka kibanja cha mwingine ni mtoto au ni mtumwa. Yule bwana alikuwa mtu wa mzaha. Kila jioni aliniita kutoka ng'ambo ya ua, mbele ya wake zetu na majirani.

"Mkimbizi, umekula?"

Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao, kisha niliinamisha uso kwenye chakula.

Mama yangu alifariki huko. Hapakuwa na njia ya kumrudisha Kaagya, kwa hiyo rafiki yangu alichagua mahali pazuri nyuma ya nyumba, penye migomba ya zamani, naye akashika jembe kabla yangu. Vita vilipokwisha tulirudi kwetu, tukajenga, tukapalilia. Lakini mama alibaki ugenini. Kila mwaka nilisafiri kwenda kulisafisha kaburi lake, na kila mwaka ilinibidi kuomba ruhusa ya kuingia kwenye shamba la mtu ili nimuone mama yangu. Hakuninyima hata siku moja, na kutoninyima kwake ndiko kulikonichoma zaidi. Ukoo wangu ulianza kusema kwamba nimemtupa mzee ugenini.

Palikuwa na njia moja tu ya kulimaliza jambo hilo, nayo ni omukago, undugu wa kuchanjiana damu. Mapadre walikwisha kuukataza tangu zamani, lakini wazee waliufanya kimyakimya. Watu wawili wakila kiapo hicho, kibanja cha mmoja huwa ni cha mwingine. Ningekuwa ndugu yake, na mama yangu angekuwa amelala kwa mwanawe. Ilinichukua miaka kupata ujasiri wa kumwambia. Nilipomwambia, alitema maganda ya kahawa aliyokuwa akitafuna, akasema alikuwa akiningoja niseme, kwa sababu si adabu mwenye nyumba kumtangulia mgeni katika jambo kama hilo.

Kwa bahati mbaya, miaka hiyo niliyopoteza ndiyo iliyouleta ule ugonjwa. Hatukuwa na jina lake la hospitali. Watu waliupa jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi wa mpakani, kwa kuwa wa kwanza kukonda walikuwa wachuuzi hao na wanawake waliovaa kitambaa hicho. Baadaye ukawashika wavuvi wa visiwani, kisha wakulima, kisha nyumba nzima nzima. Ukipita njiani ulisikia kilio huku, na kabla hujafika mwisho wa njia ulisikia kingine kule. Kilichofahamika ni kwamba ugonjwa umo katika damu.

Siku ya kiapo tuliketi juu ya mkeka nyumbani kwa rafiki yangu, tukielekeana. Mzee mmoja wa ukoo wao alisimamia. Mbele yake palikuwa na buni moja ya kahawa, iliyochemshwa na kukaushwa kama zile tunazowapa wageni watafune. Buni huwa na punje mbili zilizolala uso kwa uso. Kila mmoja huchanja ngozi karibu na kitovu, hupaka damu yake juu ya punje moja, na mwenzake huimeza. Mzee alitutajia masharti: njaa ya huyu ni njaa ya yule, mtoto wa huyu ni wa yule, mlango wa ndugu haubishwi hodi, na atakayevunja, kahawa hiyo itamvimba tumboni mpaka impasue.

Ndipo kaka mkubwa wa rafiki yangu aliponyanyua mkono. Huyu wakati wa vita alisaidia kufunga vidonda vya majeruhi katika zahanati moja, na tangu hapo hakukosa chupa ya kahawia yenye dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika wana wawili mwaka huo. Alisema kwa upole kwamba, kwa nyakati hizi, kabla damu ya mtu haijaingia katika tumbo la mwingine, si vibaya ikatazamwa. Dawa yake, alisema, huufukuza uchafu. Penye uchafu povu hutoka, na pasipo na uchafu dawa hukaa kimya kama maji. Alimimina kidogo juu ya kiganja chake, dawa ikakaa kimya. Akammiminia mzee, kimya. Akamimina juu ya jiwe la kunolea visu, kimya.

Sikumwachia nafasi ya kuniomba. "Nimiminie," nilisema. "Sina ninachoficha."

Rafiki yangu alijichanja kwanza. Alikuwa na mkono mwepesi, akapitisha wembe mara moja, ngozi ikatoka mstari mwembamba kama wa mwiba. Kaka yake alimimina, na vipovu vichache vikatokeza kama mate ya mtoto mchanga. Kaka akasema hicho si kitu, ni jasho. Zamu yangu ilipofika nilifikiria wote waliokuwa wakinitazama, na wale waliosimama mlangoni, na yale maneno ya mkimbizi umekula. Sikutaka waseme kwamba mkimbizi anaogopa hata wembe. Nilikandamiza. Damu ilikuja kwa wingi, ikateremka.

Dawa ilipoigusa, povu lilipanda jeupe, refu, likichemka kwa sauti ndogo niliyoisikia mimi na labda wote. Lilijaa juu ya kitovu changu, likamwagikia mkunjo wa shuka, na chini yake nilihisi uvuguvugu. Kaka yake akarudi nyuma hatua moja. Wanawake wa mlangoni waliwavuta watoto wao kwa mikono.

"Waitu," yule kaka alisema kwa Kihaya, kama mtu anayemsihi mkubwa wake, "yatosha."

Rafiki yangu alikuwa bado amenyoosha mkono wake mbele yangu. "Lete punje," aliniambia. Kaka yake alimshika kifundo cha mkono, naye akarudia bila kupaza sauti. "Nimesema, lete punje."

Sikumpa. Niliiweka juu ya mkeka kabla haijapakwa damu, nikajifunga shuka, nikatoka. Nilipita kando ya kaburi la mama yangu bila kusimama, maana povu lilikuwa bado linatoa sauti ndani ya nguo, na niliona haya lisisikike pale.

Habari ilinitangulia kufika Kaagya. Hakuna aliyenitukana. Kwenye pombe ya ndizi, ambapo watu hunywa kutoka kibuyu kimoja, ndugu zangu waliniletea kibuyu changu peke yangu wakasema ni cha heshima. Padre aliniuliza afya. Mke wangu hakuniuliza lolote, lakini alianza kulala na watoto, akidai mdogo wetu anaota ndoto mbaya. Nilikubali kwamba mtoto anaota.

Mwishowe nilikwenda Bukoba mjini, nikanunua dawa ile ile katika duka la dawa, nikimdanganya muuzaji kwamba ni ya mguu wa ng'ombe. Ili mke wangu asiitambue, niliihamishia kwenye chupa ya soda isiyo na rangi, nikaiweka juu ya dirisha la chumba changu, mahali ambapo jua la asubuhi hupiga. Kila Jumapili baada ya misa nilijificha nyuma ya jiko, nikajikwaruza mkono, nikadondosha, nikatazama. Jumapili ya kwanza povu lilipanda kama kule Muleba. Baada ya hapo likawa dogo, kisha dogo zaidi, mpaka ikafika Jumapili ambayo dawa ilitulia juu ya damu yangu kama maji ya mvua. Nilipiga magoti palepale penye maganda ya ndizi. Nilipeleka kanisani mkungu mkubwa wa shukrani, na waumini walipoimba, niliimba kuwapita wote. Sasa nikikumbuka mkungu ule, uso wangu hupata moto.

Nilimwambia mke wangu kwamba damu yangu imetulia. Alikuwa anamenya ndizi, na kwa kuwa alinitazama mimi badala ya kisu, alijikata kidole. Alikuwa na kichupa kidogo cha kahawia alichopewa na muuguzi wa zahanati kwa ajili ya goti la mtoto. Alikichukua, akajimwagia, na povu likaruka. Akaketi chini polepole, mkono mapajani.

"Umeniletea," alisema.

Nilikimbia kuleta chupa yangu, nikammwagia kidole kile kile kilichokuwa kinavuja. Kimya. Nilijikwaruza, tukamwaga yake kwangu, povu. Tukamwaga yangu kwangu, kimya. Mke wangu si mtu wa kukubali majibu mawili kwa swali moja. Hata leo ukimdanganya bei ya mafuta ya taa atakwenda kuuliza duka la pili. Alizitazama chupa zote mbili kwenye mwanga. Kisha akamwagia kisu chake, kikatoa vipovu penye utomvu wa ndizi. Akamwagia ndizi mbichi iliyomenywa, nayo ikatoa. Kando yake palikuwa na kiazi kitamu alichokuwa amekikata kwa ajili ya uji wa jioni. Alikimwagia, na uso wote wa kiazi ukafunikwa na povu jeupe lililochemka kwa sauti ile ile niliyoijua. Alikinyanyua kwa mkia wake, akanionyesha.

"Baba watoto, na hiki kililala na nani?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka miezi yote ile.

Tangu siku hiyo tuliijaribu dawa ile kama watu waliochanganyikiwa. Kiazi cha jana kilichochemshwa hakikutoa povu hata kidogo. Jirani alipochinja mbuzi tuliomba kipande cha ini, na ini bichi lilijaza bakuli povu mpaka likamwagika. Kipande cha pili tulikichoma kwanza, kikakaa kimya. Nilipasua betri ya tochi iliyokufa, nikatia unga wake mweusi ndani ya glasi, nikamwagia dawa. Ilichemka kwa hasira, glasi ikapata joto, na mke wangu alipoingiza juu yake unyasi uliokuwa na kaa la moto, kaa likang'aa na kuwaka. Nilitegemea unga ule utakwisha. Nilimwaga maji yaliyobaki, nikaona unga umelala chini vile vile, nikaongeza dawa, ikachemka tena kama mwanzo. Betri haina damu, haina mume, haijawahi kuvuka mpaka na kitambaa.

Hapa nimemruhusu mjukuu wangu aweke maneno yake, kwa sharti kwamba mimi niyaelewe kwanza. Anasema dawa ile huitwa haidrojeni peroksaidi. Ni kama maji yaliyobebeshwa oksijeni ya ziada, nayo wakati wote inataka kuutua mzigo huo na kubaki maji matupu. Ikiachwa peke yake huutua taratibu sana, ndiyo maana huwekwa katika chupa ya kahawia, kwani mwanga huihimiza. Dawa ya chupa yangu ya dirishani ilikuwa imekwisha kuvunjika ikawa maji. Nilikuwa najipima kwa maji na kumshukuru Mungu.

Nilimuuliza damu inaingiaje hapo. Alisema ndani ya damu, ndani ya nyama, na hata ndani ya kiazi kibichi mna kitu kiitwacho kimeng'enya, ambacho ni kichocheo. Kichocheo hakiongezi nguvu wala hakigeuzi mwisho wa safari. Dawa ilikuwa inakwenda huko huko, lakini kwa kupanda kilima kirefu. Kichocheo huionyesha njia ya bondeni, nayo huteremka yote kwa pamoja, na oksijeni inayotoka ndiyo povu. Moto wa jikoni huua kichocheo cha kiazi na cha ini. Ule unga wa betri ni kichocheo cha namna nyingine. Kila damu inacho, ya mzima na ya mgonjwa, ya kuku na ya askofu. Aliyejichanja kidogo alitoa povu kidogo, na aliyejichanja sana kwa kiburi alilitoa kwa wingi.

"Na chenyewe hakipungui," mjukuu wangu aliongeza. "Vinavyovunjika ni vingine, babu. Kichocheo hubaki kama kilivyokuwa."

Nilimwambia aandike hilo, halafu asubiri kidogo kabla ya kuendelea.

Nilisafiri kurudi Muleba nikiwa na chupa ya kahawia na viazi vibichi vitatu ndani ya mfuko. Njia nzima nilijiandaa kusema. Nilitaka wote waliokuwepo siku ile waitwe, wakae walipokaa, watazame. Nilitaka mama yangu alale kwa mwanawe kabla jua halijazama. Sikumuuliza mtu yeyote habari za rafiki yangu, kwa sababu mawazo yangu yote yalikuwa juu ya jina langu.

Nilimkuta amelala kitandani karibu na ukuta. Mikono iliyoutua ule mkungu barabarani ilikuwa imebaki mifupa na ngozi. Kaka yake alikuwa ameketi chini, anamkanda miguu. Nilisimama na mfuko wangu wa viazi, nikasahau maneno yote.

"Mkimbizi," alisema kutoka kitandani, "umekula?"

Safari hii hapakuwa na wa kucheka. Aliniuliza mfukoni mna nini. Nilishindwa kusema namna nyingine, basi nilikata kiazi, nikakimwagia. Povu lilipanda. Nikaeleza habari za ini, za unga wa betri, za chupa ya dirishani. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeshtaki, na nilipoisikia nilitamani kuinyamazisha, lakini ilikwisha kuanza. Kaka yake alikichukua kile kiazi, akakipangusa kwa shati lake, akakimiminia dawa yeye mwenyewe, akatazama mpaka povu likaisha. Akamimina tena.

"Nimewamwagia hii watu wengi wakati wa vita," alisema. "Nilikuwa nawaambia, vumilieni, uchafu unatoka."

Alikiweka kiazi chini kwa uangalifu kama kitu cha mtu, akatoka nje.

Rafiki yangu alitia mkono chini ya mto, akatoa kifurushi cha ganda kavu la mgomba lililofungwa kwa kamba yake. Ndani yake mlikuwa na zile punje mbili. Alikuwa amezihifadhi tangu siku ile, zote mbili, na hakuna mtu aliyemwambia azihifadhi. Alizimiminia kiganjani.

"Wembe upo juu ya dirisha," alisema.

Niliinuka. Nilinyoosha mkono kuelekea dirishani, na mkono ulipofika juu ya wembe ulibaki hapo. Povu lilikuwa limekwisha kunifundisha kwamba halijui lolote kuhusu ugonjwa. Sikuhitaji povu. Nilikuwa na macho, na macho yalimwona. Niliwaza watoto wangu. Niliwaza mke wangu aliyekuwa ameanza tena kulala chumbani kwangu. Mawazo hayo yalikuwa ya haki, kila moja, lakini rafiki yangu alinilisha mimi na mama yangu bila kuwaza hata moja, na sasa alikuwa anautazama mkono wangu.

"Uache," alisema. "Huo ni wa kunyolea ndevu, umeshika kutu."

Haukuwa na kutu. Ulikuwa unang'aa. Nilirudi nikaketi. Alinipa punje moja kavu, akaweka ya pili ulimini mwake, nasi tukatafuna bila kusemezana, kama watu wawili waliokutana njiani wakapumzika. Alipomaliza alisema kwamba wiki iliyopita aliwatuma watoto wakampalilie mama, na kwamba mgomba mmoja pale umezaa vizuri, nikiondoka niukate mkungu wake. Sikuukata.

Hakumaliza msimu ule wa mvua. Nilipofika mazikoni, yule mzee aliyesimamia kiapo aliuliza, kama desturi ilivyo, iwapo marehemu anaye ndugu wa damu asiye wa tumbo moja naye. Niliitazama miguu yangu. Kaka yake ndiye aliyeinuka.

"Yupo," alisema, akanionyesha kwa mkono. "Walimaliza kiapo chao. Nilishuhudia."

Hakushuhudia. Alikuwa nje. Aliniangalia usoni aliposema hivyo, nikajua kwamba anaulipa ubaya wa chupa yake kwa kitu pekee alichokuwa nacho, yaani neno lake. Sikumkanusha mbele ya watu. Waliniingiza ndani, wakaniketisha pamoja na ndugu, na watoto wakaambiwa waniite baba. Tangu siku ile ukoo wangu haukusema tena kwamba mama amelala ugenini. Naenda kaburini kwake bila kumwomba mtu ruhusa, na watu wa pale huniona nina haki zaidi yao.

Mjukuu wangu ameiacha kalamu, anataka kubishana nami. Anasema kila muuguzi angenisifu kwa kusita siku ile, na kwamba rafiki yangu alijua hilo, ndiyo maana alisema wembe umeshika kutu. Amesema kweli yote mawili, na nimemwagiza ayaandike. Lakini mimi najua kilichokuwa juu ya punje niliyotafuna. Hapakuwa na kitu. Kahawa kavu kwetu hupewa mgeni, na mgeni hubisha hodi.